Kufufua miguu ya mbele ya Plymouth Road Runner ya 1969

Kabla hujashika nati ya tairi ya upande wa dereva, piga magoti, usugue ncha ya stadi, ile bolti inayoshika nati, kwa brashi ya waya. Ukiona herufi L, ujue nati hiyo hufunguka kwa kuzungusha upande uliozoea kufungia. Chrysler walishika desturi hiyo mpaka magari ya mwaka 1970: magurudumu ya kushoto yana nati za kushoto, ya kulia yana nati za kawaida. Mimi sikupiga magoti. Nilichomeka paipu kwenye wilispana, nikalala juu yake kwa uzito wote, nikasikia "ta!" na kichwa cha stadi kikabaki ndani ya soketi. Mzee mwenye gari alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha kahawa. Hakusema neno. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kabla sijawa fundi nilikuwa utingo wa Fuso, na Fuso za zamani zina nati za kushoto vilevile.

Gari ni la jirani yangu hapa Detroit, mstaafu wa viwandani. Namba yake ya chasi inaanza na RM23, na herufi ya saba ni A, maana yake lilitoka kiwanda cha Lynch Road, hapa hapa mjini. Wamarekani huyaita magari ya namna hii magari ya misuli: bodi ya kawaida ya familia, injini ya kutisha, bei ambayo kijana wa kiwandani angeweza kuimudu. Hili lina injini ya inchi za ujazo 383, yaani kama lita 6.3, iliyotangazwa kuwa na nguvu ya farasi 335. Injini haikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa miguu, yaani mikono ya chuma, springi na viungo vinavyoshika magurudumu ya mbele. Ukikanyaga breki, mbele kunagonga "kang!", usukani una nafasi ya bure ya vidole vitatu, na gari linatangatanga barabarani kama mbuzi aliyekatika kamba.

Mzee alitaka liwe tayari kwa Jumamosi ya tatu ya Agosti, siku ya Woodward Dream Cruise, magari ya zamani yanapojaa barabara ya Woodward tangu asubuhi. Tulikuwa na Jumamosi sita. Aliniuliza kama nimewahi kushika gari la aina hii. Nikajiviringisha chini, nikawasha tochi, nikaanza kucheka peke yangu. Niliyoyaona kule chini niliyajua tangu mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, nilipokuwa nikifunga miguu ya vipanya, zile Hiace za abiria. Hii ni Hiace!

Sitanii. Chevrolet na Ford za wakati ule zilikuwa na springi za kuzunguka mbele, zile ambazo usipozibana vizuri wakati wa kuzitoa zinaweza kukuua. Chrysler, tangu magari ya 1957, walitumia tosheni ba, kama Hiace. Ni fimbo ya chuma cha springi iliyolala kwa urefu chini ya gari. Kwenye gari hili ina urefu wa kama inchi 41 na unene wa kama kidole gumba. Ncha ya mbele ina pembe sita na imeingia kwenye mkono wa chini wa gurudumu. Ncha ya nyuma, ya pembe sita pia, imeshikwa kwenye krosimemba, boriti ya kukingama iliyo chini ya giaboksi. Tairi likipanda, mkono unaisokota fimbo kama unavyokamua nguo: nyuma imeshikwa, mbele inapinduliwa. Chini ya mkono kuna bolti ya kurekebisha. Ukiikaza gari linapanda, ukiilegeza linashuka. Kijana yeyote wa Gerezani aliyewahi kuinua kipanya kilicholala pua anaijua kazi hiyo.

Sasa tuingie kazini.

Siku ya kwanza usifungue chochote. Chukua futi, chaki na simu. Gari likiwa limekaa kwenye sakafu iliyonyooka, pima kutoka chini hadi ukingo wa madigadi, kushoto na kulia, uandike. Kisha pima chini ya mkono wa chini, sehemu mbili: pale chini ya boljointi (kiungo cha kichwa cha duara kinachounganisha mkono na gurudumu), na pale karibu na mahali tosheni inapoingia. Kitabu cha huduma cha kiwanda kinatumia tofauti ya vipimo hivyo viwili kueleza urefu wa gari, na hakiruhusu kushoto na kulia kupishana zaidi ya 1/8 ya inchi. Chora alama kwa msumari kwenye washa za zile bolti mbili za mkono wa juu, kila upande, maana washa hizo hazina kitovu katikati, na kuzungusha kidogo tu kunahamisha gurudumu. Pima urefu wa kila tairodi, fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu, kutoka nipo ya grisi hadi nipo ya grisi. Mimi niliandika yote kwa chaki ukutani mwa gereji ya mzee, na bado yapo.

Siku hiyohiyo mwagia dawa ya kutu kila nati utakayoigusa baadaye. Rudia kila jioni wiki nzima. Wiki ya dawa ni bora kuliko saa moja ya nyundo.

Kabla ya kuinua, hakikisha nini kimekufa. Kwenye miguu ya aina hii uzito wa gari unapita mkono wa chini, kwa hiyo jeki iwekwe chini ya mkono wa chini, karibu na boljointi, ili boljointi ya chini ipumue. Weka mtaimbo chini ya tairi, inua taratibu, tazama inacheza kiasi gani. Ya kulia ilicheza hadi mzee akaisikia kwa masikio. Mwambie mtu atikise usukani kushoto na kulia wakati wewe umeshika aidla amu, mkono unaobeba fimbo za usukani upande wa abiria. Ile yetu ilikuwa inapanda na kushuka kama mguu wa cherehani. Hapo ndipo nafasi ya vidole vitatu ilipokuwa inatoka.

Kuinua kwa kazi yenyewe ni habari nyingine. Stendi zikae chini ya chasi, nyuma ya krosimemba ya injini, siyo chini ya mikono. Miguu inatakiwa kuning'inia kabisa. Toa shokapu. Kisha toa ile raba ya kugongea iliyo chini ya mkono wa juu, wengi huiruka. Bila kuitoa, mguu haushuki mpaka mwisho, na tosheni inabaki na nguvu ndani yake.

Sasa fungua bolti ya kurekebisha, na hesabu raundi. Kwa sauti, kama unahesabu mifuko ya simenti. Kushoto nilipata 13 mpaka ikalegea kabisa, kulia 19. Pale ukutani gari lilionyesha liko sawa pande zote mbili, lakini hesabu ilisema kuna mtu zamani aliukaza upande wa kulia kuficha kitu kilichochoka. Kitu chenyewe tulikikuta baadaye: bushi ya mkono wa chini ilikuwa imeoza, na pini yake imekula tundu la krosimemba likawa la yai. Kama nisingehesabu, ningebadilisha bushi, nikafunga, na gari lingetoka limeinama nisijue kwa nini.

Tosheni hutokea nyuma. Sogeza raba ya vumbi, toa saklipu, pete ya kufungia iliyo kwenye tundu la krosimemba ya nyuma, kisha fimbo isukumwe kuelekea nyuma mpaka ncha ya mbele iachie mkono. Kwa maneno ni rahisi. Miaka zaidi ya hamsini ya chumvi ya barabara za Michigan ina maoni mengine. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Usiibane tosheni kwa paipu renchi, usiipige kwa nyundo moja kwa moja, usiipashe moto kwa gesi. Mkwaruzo mdogo kwenye fimbo inayosokotwa maisha yake yote ndio mwanzo wa ufa, na siku itakapokatika hutakuwa gereji. Nilichukua vipande viwili vya mbao ya mwaloni, nikavichonga mfereji, nikavibana kuizunguka fimbo kwa bolti nne. Nyundo ikagonga mbao. Ya kushoto ilitoka kwa mapigo kumi. Ya kulia ilichukua alasiri nzima, na ilibidi kulegeza bomba la egzosi kwanza kwa sababu lilikuwa limeziba njia.

Ikishatoka, ifute, itie alama ya rangi, kushoto au kulia. Fimbo hizi zilisokotwa kiwandani kwa mwelekeo wa upande wake, kwa hiyo kubadilishana ni mwiko. Ukisahau alama, tazama namba iliyogongwa kwenye ncha: inayoishia na namba witiri ni ya kushoto, shufwa ni ya kulia. Kisha pitisha kucha kwa urefu wake wote. Kucha ikikwama mahali, nunua mpya.

Kutenganisha boljointi na tairodi endi, wengi hutumia uma wa chuma unaogongwa kwa nyundo. Uma unachana raba, na hata sehemu usiyotaka kubadilisha inaharibika. Mimi natumia nyundo mbili kama nilivyofundishwa nyumbani. Rudisha nati raundi chache ili kitu kisikuangukie, weka nyundo nzito upande mmoja wa jicho la chuma, piga upande wa pili kwa nguvu. Pigo la tatu au la nne linaachia kwa mlio wa kavu. Hakikisha unapiga lile jicho, siyo ncha yenye nyuzi.

Breki za gari hili ni ngoma za inchi 11. Kama kitu pekee unachofanya ni miguu, usifungue bomba la breki. Ning'iniza mtambo mzima kwa waya kwenye chasi ili bomba la raba lisibebe uzito. Lile vumbi jeusi ndani ya ngoma usilipulize kwa hewa. Viatu vya breki vya enzi hizo vilikuwa na asbesto. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa.

Boljointi ya chini haiuzwi peke yake. Imeungana na mkono unaosukumwa na tairodi, na mkono huo umefungwa kwenye nako, chuma kinachobeba gurudumu, kwa bolti mbili. Unabadilisha kipande kizima, cha kushoto na cha kulia tofauti. Ya juu imesokomezwa kwa nyuzi ndani ya mkono wa juu, na inahitaji soketi kubwa maalum ya inchi 1 na 59/64. Ifungue mkono ukiwa bado umefungwa kwenye gari. Ukishautoa, utazunguka nao gereji nzima ukitafuta pa kuubana. Ya kushoto ilitulia mpaka tulipotia paipu ya mita moja na nusu na mzee akaja kusaidia kuvuta.

Nafika kwenye bushi za mkono wa chini, na hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndizo zilizotula Jumamosi mbili. Bushi ina sehemu tatu: ganda la nje la chuma lililobanwa ndani ya mkono, raba katikati, na ganda la ndani lililobanwa kwenye pini. Ukiivuta pini, raba inachanika. Pini inatoka na ganda la ndani, na ganda la nje linabaki limeng'ang'ania mkono kama kupe. Watu hulikata kwa patasi na kuukwaruza mkono. Njia iliyonipendeza mimi ni hii: kwangua raba yote, tafuta washa nene ya kipenyo kinachoingia ndani ya ganda, ichomelee pointi tatu, uache ipoe. Moto unalifanya ganda linywee kidogo. Halafu geuza mkono, ingiza paipu kutoka upande wa pili, sukuma washa kwa presi. La kwanza lilitoka kama kizibo cha chupa, mzee akapiga makofi. Ganda la ndani kwenye pini nilikata mfereji mmoja mwembamba kwa grainda, nikauacha kabla haujafika chuma cha pini, nikamalizia kwa patasi.

Mkono wenyewe ukaguliwe ukiwa mkononi. Umetengenezwa kwa bati mbili zilizounganishwa, na kwa umri bati hizo huachana, basi tundu la tosheni linacheza ndani yake. Tulizibana kwa presi, tukachomelea. Lile tundu la yai kwenye krosimemba lilijazwa kwa kuchomelea na kusawazishwa na fundi mashine. Sikulijaribu mwenyewe.

Raba au plastiki ngumu? Mzee alisoma mahali kwamba plastiki nyekundu ndiyo mambo. Kwa gari la mashindano, sawa. Lakini kwenye mkono wa chini wa gari hili bushi ya raba imegandana na chuma chake, na kugandana huko ndiko kunazuia mkono usitembee mbele na nyuma kwenye pini. Nikamwambia tuweke raba. Akakubali, lakini ile fimbo inayotoka mkono wa chini kwenda mbele ya krosimemba akaiwekea raba nyekundu, ili roho yake itulie.

Bushi za mkono wa juu zikiingizwa kwa presi, weka kipande cha paipu kati ya masikio mawili ya mkono, la sivyo masikio yatakunjamana. Kuna bushi zinazouzwa zenye tundu la pembeni. Nunua hizo, nitaeleza sababu mwishoni. Boljointi mpya ya juu ianze kwa vidole. Ikiingia imelala, inakata nyuzi mpya na mkono umekufa. Kaza kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Ikishindwa kufika futi-paundi 125 na bado inazunguka, nyuzi za mkono zimechoka, badilisha mkono.

Kurudisha tosheni: paka grisi nyingi kwenye pembe sita za ncha zote, vaa raba mpya ya vumbi kabla fimbo haijaingia, maana baadaye haivaliki. Mkono wa chini uning'inie mpaka mwisho, bolti ya kurekebisha ikiwa imelegezwa kabisa. Fimbo ikiingia nyuma lakini inagoma mbele, zungusha upande mmoja wa pembe sita ujaribu tena. Kuna nafasi moja tu inayokupa bolti yenye masafa ya kutosha. Nafasi jirani itaingia pia, kwa shingo upande, na utagundua gari likiwa chini kwamba bolti imeisha na pua bado iko ardhini. Hilo lilinipata upande wa kushoto. Nikatoa, nikaanza upya. Rudisha saklipu. Kaza bolti kwa hesabu ileile ya ukutani. Mimi nilianza na 13 pande zote mbili.

Na sasa jambo ambalo nilichapwa nalo Gerezani. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nikafunga bushi mpya za kipanya, nikakaza kila kitu gari likiwa juu ya stendi, safi kabisa. Miezi mitatu baadaye kipanya kilirudi, bushi zimechanika kama maandazi. Fundi wangu mkuu hakupayuka. Alichukua bushi mpya, akanipa nishike ganda la nje, akalipindua la ndani kwa spana mpaka raba ikalia. "Ndivyo ulivyoiacha," akaniambia. Ukikaza nati ya pini mguu ukiwa unaning'inia, unaifundisha raba kwamba kuning'inia ndiko kupumzika. Gari likishuka, raba inasokotwa, na inasokotwa hivyo saa zote, hata gari likiwa limelala usiku. Kwa hiyo nati za pini za chini na bolti za mkono wa juu zikazwe kwa mkono tu. Shusha gari juu ya mbao nene chini ya kila tairi, lisukume mbele na nyuma, likalie boneti mara tano, halafu ingia chini na toki renchi ukaze kwa vipimo vya kitabu.

Beringi za magurudumu jaza grisi kwa kiganja mpaka itokee upande wa pili, kaza nati huku unazungusha ngoma, legeza kidogo, tia kotapini mpya. Tairodi na aidla amu mpya zifungwe kwa vipimo ulivyoandika ili gari liweze kufika kwenye alaimenti, yaani kupangwa magurudumu, bila kusuguana na barabara.

Huko alaimenti usimwachie kijana wa kompyuta. Gereji moja ililipima gari letu kwa vipimo vya 1969 na kutupa karatasi ya kijani tupu, kila kitu sawa. Likatoka linatangatanga vilevile. Vipimo vile viliandikwa kwa matairi ya zamani yaliyosukwa mshazari. Kwa gari lisilo na pampu ya usukani waliweka boljointi ya juu mbele kidogo ya ile ya chini, kama nusu digrii upande wa hasi, ili usukani uwe mwepesi. Tairi la rediali la leo linataka kinyume chake: juu kuegemee nyuma, digrii mbili na nusu hadi tatu chanya, ndipo usukani urudi wenyewe katikati. Zile bolti za washa peke yake hazikupeleki mbali hivyo. Bushi za tundu la pembeni ndizo zinazokupa nafasi iliyobaki. Tulirudi na karatasi niliyoandika kwa mkono: wima wa tairi sifuri hadi nusu digrii kwa ndani juu, pua za matairi zikaribiane 1/8 ya inchi. Urefu wa gari uwe umeshasawazishwa kabla ya hapo, maana ukigusa bolti ya tosheni baada ya alaimenti umeifuta.

Baada ya maili kama mia mbili lipime tena. Raba zinakaa, na tosheni zinatulia. Letu lilikuwa limeshuka robo inchi upande wa kulia. Raundi moja na nusu, likasimama, tukarudi alaimenti mara moja zaidi. Ijumaa usiku kabla ya Woodward nilikuwa bado chini ya gari natia grisi kwenye nipo ya mwisho, mzee akaingia kwenye kiti bila kuniambia na kubonyeza ile honi yake ya "bip-bip". Nilijigonga kichwa kwenye krosimemba.